Mapenzi si adui, shida ni kujifungia wawili

Kuna makala inayosema mapenzi ndiyo chanzo cha sapu (mitihani ya marudio) kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni. Nadhani tatizo huanza wiki 3 za mwanzo, makundi ya kujisomea yanapoundwa. Anayeshinda kwenye simu na mpenzi wa nyumbani, au aliyepata mpya wakajitenga, hukosa kundi. Tarehe ya jaribio ikisogezwa, hana wa kumwambia. Na vyuo vingi vya Tanzania hutoa alama 40 kati ya 100 kwa kazi na majaribio ya muhula, hivyo anaingia mtihani wa mwisho akiwa tayari ameachwa nyuma kwa alama. Bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi) likiliwa na wawili, ndiyo kabisa. Wapendane, lakini kila mmoja asome na wanakozi wenzake. Wakiachana karibu na mitihani, jamani, wasijifungie chumbani: waende mapema kwa mshauri wa wanafunzi.