Ramani za kwanza za Sierra Nevada: tuwacheke au tuwape maua yao?

Kuna watu wanawacheka sana wale jamaa wa Josiah Whitney, timu ya serikali ya jimbo la California, Marekani, iliyoingia kusini mwa safu ya milima ya Sierra Nevada mwaka 1864, eti ramani zao zilikuwa za kukadiria tu, na kusema kweli wana pointi. Cheki ishu ya Clarence King, mmoja wa timu hiyo. 1864 yeye na Richard Cotter walipanda Mount Tyndall, kufika juu wakaona kuna kilele kingine kimewazidi, wakakipa jina la bosi wao, Mount Whitney. 1871 King akarudi akapanda, akatangaza kwamba Mount Whitney kamaliza, kumbe kapanda Mount Langley! Haikujulikana mpaka 1873 mwanajiolojia W. A. Goodyear alipofika juu ya hiyo Langley akaiona Whitney yenyewe iko kule kaskazini. Agosti hiyohiyo watu watatu waliokuwa wameenda zao kuvua samaki wakaipanda, King akaja kufika Septemba, mambo yashaisha.

Sasa ndo tuseme wababaishaji? Hapo mi nakataa. Kazi yenyewe unapanda kilele, unapima pembe za kila kilele unachokiona, kisha unaenda kupanda kingine unapima tena, mistari ikikutana ndo unajua mlima uko wapi, na Charles Hoffmann fundi wao wa ramani alikuwa mkali kwenye hilo. Shida ni kwamba hiyo mbinu inakupa vilele, korongo lililojificha nyuma utalichora kwa kukisia. Urefu nao walipima kwa barometa ya zebaki, mrija wa kioo unaobebwa juu ya miamba, na hewa ikibadilika tu namba inacheza wakati mlima haujasogea hata inchi.

Lawama inayoniuma zaidi ni nyingine, kwamba Wapaiute, wenyeji wa asili wa huko, walikuwa wanavuka hiyo milima kwenda kufanya biashara miaka na miaka, na hizo ramani zikajaa majina ya wageni kana kwamba hakukuwa na mtu. Hiyo sina cha kuitetea.

Ila za vipimo nawasamehe, maana bunge lilikuwa linawabania hela na 1874 mradi ukafa kabisa, wakati USGS, shirika la serikali kuu ya Marekani la jiolojia na ramani, walikuja baadaye na muda wa kuchora kontua, ile mistari ya kuonyesha urefu wa ardhi. King ndo simsamehi, yeye alitangaza bila kuhakiki, na bado 1879 akapewa kuiongoza hiyo USGS akiwa mkurugenzi wa kwanza, sijui intavyuu ilikuwaje.