Nanyuki ina wateja wengi kuliko majirani

Mji wa Nanyuki unaishi na majeshi mawili. La kwanza ni la wenyewe: kambi ya wanahewa ya Laikipia, ambako ndege za kivita za Kenya zimekuwa zikiruka tangu miaka ya sabini. La pili ni la Waingereza, kikosi cha mafunzo kiitwacho BATUK, ambacho kwa miaka mingi kilipanga kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo kabla ya kuhamia Nyati Barracks, iliyofunguliwa rasmi Januari 2021. Askari wa jeshi la kwanza akipita mtaani ni afande, au Baba Fulani. Wa jeshi la pili wote ni Johnny.

Nadhani ugomvi kuhusu kambi ya Waingereza, ibaki au iondoke, ambao umeuchosha mji huu kwa zaidi ya miaka kumi umejificha kwenye majina hayo. Afande wa Kenya, hata akitoka Kisii au Kilifi, huja na watu. Mkewe anaingia chama, watoto wanakaa dawati moja na watoto wa mtaa wa Likii, na baada ya miaka kadhaa yeye mwenyewe ananunua ploti na kuanza kujenga kidogo kidogo akingoja kustaafu. Akilewa na kutukana watu, kuna pa kumshtakia: kwa mkewe, kwa mchungaji, kwa mkubwa wake kazini. Johnny huja kwa wiki chache. Anapelekwa porini kwa mazoezi, anapewa siku za mapumziko mjini akiwa na pesa mfukoni, kisha anapanda ndege kurudi kwao. Anayekuja baada yake si yeye. Deni la aliyekuja Machi linadaiwa kwa aliyekuja Septemba, na huyo wa Septemba hajui chochote.

Wanaotaka kambi ya Waingereza ibaki wana hoja nzito, na ni rahisi mno kwa mtu aliyekaa Nairobi kuwaita wasaliti. Mamia ya Wakenya wameajiriwa kambini kama madereva, wapishi, mafundi na vibarua. Nje ya lango kuna wenye teksi, wauza vinyago, wenye hoteli na wenye nyumba za kupangisha, na nyuma yao wakulima wanaouza viazi na nyama. Mwaka 2020 Korona iliposimamisha mazoezi, mji ulionja jinsi maisha yangekuwa bila Johnny. Wakubwa nao wana yao: mkataba wa ulinzi unawapa wanajeshi wa Kenya nafasi ya kufanya mazoezi na Waingereza, na Kenya ilikuwa na askari Somalia tangu 2011. Lakini mwenye teksi hasemi habari za Somalia. Anasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwake hiyo si methali ya kupamba mazungumzo. Ni karo ya muhula.

Upande wa pili unaanza na jina moja. Agnes Wanjiru, msichana wa miaka 21 kutoka mtaa wa Majengo, alionekana kwa mara ya mwisho usiku wa tarehe 31 Machi 2012 akiwa hotelini pamoja na wanajeshi wa Uingereza. Mwili wake ulipatikana miezi miwili baadaye katika shimo la maji taka la hoteli hiyo. Aliacha mtoto wa miezi mitano. Mwaka 2019 hakimu aliyechunguza kifo hicho aliamua kwamba aliuawa na mwanajeshi mmoja au wawili wa Uingereza, na bado ikachukua hadi Septemba 2025 kwa Mahakama Kuu jijini Nairobi kutoa hati ya kumkamata mtuhumiwa. Mtoto aliyeachwa akinyonya alikuwa ameshaingia ujana.

Na si yeye tu. Wafugaji wa Kimaasai na Kisamburu waliojeruhiwa au kufiwa kwa sababu ya mabomu yaliyoachwa malishoni walilipwa fidia na Uingereza mwaka 2002. Mwaka 2021 moto uliowaka wakati wa mazoezi uliteketeza eneo kubwa la shamba la Lolldaiga, na majirani wa shamba hilo wakaenda mahakamani. Uingereza ilipiga marufuku wanajeshi wake kununua ngono nchi za nje mwaka 2022. Uchunguzi wa jeshi lenyewe, uliotangazwa 2025, ukakiri kwamba Kenya jambo hilo bado linaendelea. Kamati ya Bunge ya Ulinzi ilipoketi Nanyuki mwaka 2024 kuwasikiliza wananchi, waliojitokeza hawakukosa la kusema.

Ukizisikiliza pande hizi kwa makini utagundua kwamba hazijibizani. Mfanyabiashara anamzungumzia mteja. Mama wa Majengo anamzungumzia jirani. Mteja si lazima umjue jina; akilipa, mmemalizana. Jirani ni lazima umjue, umjue na anakolala, kwa sababu siku mtoto wako atakapochelewa kurudi ndiyo mlango utakaogonga. Nanyuki imepewa wateja ikaambiwa imepata majirani, kisha ikashangaa kwa nini ujirani haufanyi kazi.

Hapo ndipo familia inapoingia. Sisemi kwamba mwanajeshi mwenye mke na watoto karibu ni malaika. Kila aliyekulia karibu na laini za jeshi au polisi anajua yanayosikika usiku. Ninachosema ni kwamba familia humfunga mtu mahali. Inamfanya awe na cha kupoteza hapohapo alipo. Kundi dogo la Waingereza wa kudumu, ambao baadhi yao huja na wenzi wao na watoto, halina sifa ileile na vikosi vya kupita, ingawa wote ni jeshi moja.

Kuna pingamizi moja ambalo silipuuzi. Familia zenyewe zinaweza kukaa nyuma ya ukuta, zikanunua kwenye maduka ya watalii na kupeleka watoto shule ambazo mwenyeji hazimudu. Hapo mji unapata kodi za nyumba zilizopanda bila kupata ujirani. Nanyuki inalijua hilo vizuri kutokana na wageni wengine kabisa: watu wa Nairobi wanaokuja na magari makubwa Ijumaa na kuondoka Jumapili jioni, wakiacha nyumba nzuri zenye mlinzi na mbwa. Hao ni Wakenya wenzetu, wana familia, hawana bunduki, na bado si majirani.

Tena neno “mwenyeji” lenyewe halisimami imara katika kaunti hii ya Laikipia. Wamaasai waliondolewa huko na serikali ya kikoloni kati ya 1911 na 1913, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ardhi ikagawiwa wanajeshi Waingereza waliotoka vitani. Kwa hiyo askari wa kigeni hakuvamia mji uliokuwapo. Mji ulikua kumzunguka. Mkikuyu, Mmeru, Msomali na Mhindi walifika baadaye, kila mmoja kwa njia yake, na leo wajukuu wao ndio wanaoulizwa kama wanampokea mgeni vizuri. Msamburu akisikia swali hilo anaweza kutabasamu.

Tanzania wana mfano ninaoupenda kwa sababu haukuwa rahisi. Mazimbu, nje kidogo ya Morogoro, ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ilipewa shamba la mkonge lililoachwa, na kuanzia 1978 ikajenga shule ya vijana waliokimbia Afrika Kusini, kisha nyumba, hospitali, shamba na karakana ya fanicha. Wageni hao walikuwa na vita nyuma yao na majasusi wakiwatafuta, kwa hiyo walikuwa na kila sababu ya kujifungia. Hata hivyo wanakijiji walipata kazi humo, wakatibiwa humo, na ndoa zikafungwa. ANC ilipokabidhi eneo hilo mwaka 1992, majengo yalibaki na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kilichoshindikana ni zile ndoa: kurudi nyumbani kulizipasua baadhi ya familia, kuna walioondoka na kuna walioachwa. Hata mgeni aliyepokelewa kwa moyo wote huacha jeraha anapoondoka, ikiwa hakuna aliyefikiria mapema nani ataondoka na nani.

Kwa hiyo, kambi ibaki au iondoke? Kwa maoni yangu, ikibaki kwa masharti ya sasa itaendelea kuleta wateja zaidi ya majirani. Suala la nani anamshtaki mwanajeshi anayekosea haliwezi kuachwa kwa hisani ya makamanda, kwa sababu majirani wakikosana wana chifu na wana polisi, ila mteja aliyeshapanda ndege hana wa kumwita. Lakini siungi mkono wanaotaka lango lifungwe kesho. Waliosababisha kesi ya mauaji ya Agnes isubiri miaka kumi na mitatu kufika Mahakama Kuu si Waingereza peke yao. Polisi walikuwa wetu, na mafaili yalikaa kwenye kabati za ofisi zetu.

Halafu kuna familia za wanajeshi ambazo hatuzihesabu tunapohesabu. Likii, Majengo na mitaa ya jirani kuna watoto waliozaliwa na mama Mkenya na baba askari wa Uingereza, ambao shuleni wanaitwa mzungu na nyumbani hawana picha ya baba. Kwa miaka mingi mama zao waliambiwa kwamba hakuna wa kumtafuta. Mawakili walipochukua vipimo vya DNA na kuvilinganisha na hifadhi za nasaba ambazo watu hujisajili wenyewe kwenye intaneti, baadhi ya baba walipatikana, na mahakama ya London ikathibitisha kwamba ndio. Watoto hao hawakuja na kikosi chochote wala hawataondoka na chochote. Asubuhi wanaamka Nanyuki, wanavaa sare za shule, na wanapita mbele ya lango la kambi.