Sketi Isiyo ya Kutoboa

Dada yangu ni fundi cherehani Kariakoo, na miaka yote kitambaa chenye mikunjo alikiita cha marinda, mpaka alipopata mteja kutoka Lubumbashi aliyeshikilia kwamba jina lake ni plise. Akaniandikia mimi niliyeko Hamburg: "Mdogo wangu, nitafutie plise nyeusi ya poliesta, ile ambayo mikunjo yake imekazwa kwa joto kiwandani isifumuke ikifuliwa. Upana sentimita 130, urefu 90, na isionyeshe miguu."

Neno lenyewe ni la Kifaransa, plissé, yaani kilichokunjwa. Wajerumani walilichukua, wakalivua kile kialama cha juu, wakaliongezea e ya pili, likawa Plissee. Nililiandika kwenye tovuti ya duka moja, na papo hapo zikajipanga za kila rangi, mikunjo imenyooka kama ya sare ya shule siku ya kwanza ya muhula.

Nilijaza vipimo. Nikaulizwa kama nataka ya kutoboa au isiyo ya kutoboa, nami, nikishangaa ni mwanamke gani angekubali sketi yake itobolewe, nikachagua isiyo ya kutoboa. Walipouliza kama izuie mwanga kabisa, nilikumbuka miguu ya mteja, nikakubali haraka. Rangi ya kishikio nilichagua ya fedha, nikiamini ni cha zipu.

Baada ya wiki mbili liliwasili boksi jembamba lenye urefu wa kunifika kifuani. Nilimpigia dada simu ya video ili tulifungue pamoja. Ndani mlikuwa na vyuma viwili vya alumini, kitambaa cheusi kilichobanwa katikati yake, nyuzi zilizopenya kila rinda, na vibanio vinne vya kuning'inizia kwenye fremu ya dirisha. Nilivuta kishikio, kitambaa chote kikapanda juu, kikabaki unene wa vidole vitatu.

Dada alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Na mama wa watu akikaa kwenye daladala, itapanda hivyo hivyo?"

Kumbe kwa Wajerumani neno hilo lilishatoka kwenye sketi likahamia kwenye pazia la dirishani pia. Kuirudisha haikuwezekana, kwa kuwa ilikatwa kwa vipimo vyangu mwenyewe, na dirisha langu la jikoni lina upana wa sentimita 98. Mteja alishonewa marinda ya Kariakoo, na kwenye risiti dada akaandika: plise.