Mamajusi Walipomfuata Mwigizaji Mkuu

Ukihakiki filamu kwa jicho la Mkristo miaka mingi, unapata sifa mbaya ya kuona makosa. Askari wa Kirumi kavaa saa ya mkono: unaandika. Mtume kashika Biblia yenye zipu: unaandika. Mwishowe hakuna anayetaka kukaa karibu nawe ukumbini. Kwa hiyo nilipokusanya tahakiki zangu 40 ziwe kitabu, niliamini kwamba kosa katika mswada wangu litatafutwa kwa tochi na halitapatikana.

Kumbe tahakiki 40 hazigeuki kitabu kwa kubandikwa tu pamoja. Tahakiki ya maneno 800 huandikwa usiku, husomwa kesho, husahaulika keshokutwa. Zikikaa mfululizo ndipo unagundua kwamba umesema "kuonyesha dhambi si kuisifu" karibu kila baada ya kurasa kumi, kila mara kana kwamba ufunuo umekushukia asubuhi hiyo. Mhariri alizifyeka hizo. Kisha akaacha maoni pembeni: neno "nyota" linachanganya. Kuna nyota ya Bethlehemu, kuna nyota za kupima ubora wa filamu, na kuna msomaji atakayedhani tunampigia ramli. Panapohusu mtu, andika "mwigizaji mkuu".

Shauri zuri. Mwenye akili angepitia sehemu moja moja. Mimi, saa sita usiku, nilibonyeza Ctrl na H, nikaandika "nyota" kisanduku cha juu, "mwigizaji mkuu" cha chini, kisha "badilisha zote". Sikuweka alama kwenye "neno zima tu". Sikuwasha ile huduma ya kuonyesha mabadiliko. Kompyuta ikajibu kwa adabu: mahali 231. Nikahifadhi, nikafunga faili, na hapo ndipo uwezo wa kutengua ulipozikwa. Nikamtumia msanifu kurasa, nikalala usingizi wa mwenye haki.

Onyo la kwanza lilitoka kwake. "Nyota" ina herufi 5. "Mwigizaji mkuu", pamoja na nafasi ya katikati, inachukua 14. Kitabu kilikuwa na kurasa 192 kamili, na hilo si bahati: kilikuwa kinachapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kutoa kurasa 16 kila moja, na 16 mara 12 ni 192. Sasa sura ya Krismasi, iliyokuwa imejaa hadi mstari wa mwisho, ikamwaga maneno matatu kwenye ukurasa mpya. Sura inayofuata lazima ianzie kulia, basi zikaongezeka kurasa mbili. Kurasa 194 hazikunjiki kwa karatasi 12. Inahitajika ya 13, na mwishoni zinabaki kurasa 14 tupu. Isitoshe, majani 8 zaidi yalinenepesha mgongo wa kitabu kwa karibu milimita moja, na jalada likabidi lipimwe upya.

"Hizo tupu tuziandike 'Kumbukumbu za Msomaji'?" akauliza.

Mtu anayeiona saa kwenye mkono wa askari wa Kirumi angeuliza maneno hayo matatu yametoka wapi. Nilimjibu, "Wazo zuri sana."

Wiki mbili tukashughulikia ruhusa za picha na faharasa. Kisha nakala ya majaribio ikaenda kwa mchungaji wangu, aliyekubali kuandika dibaji. Siku ya tatu akapiga simu.

"Bwana asifiwe, ndugu yangu."

"Amina, Mchungaji."

"Nina swali dogo la sura ya Krismasi. Huyu mwigizaji mkuu waliyemwona Mamajusi kule mashariki, ni nani?"

Nikacheka, nikijua ananitania. Hakucheka. Akaendelea, taratibu kama anayepima homa: Abrahamu anaambiwa atazame mbinguni azihesabu mwigizaji mkuu. Zaburi ya 147 inasema Mungu huhesabu idadi ya mwigizaji mkuu na kuzipa zote majina. (Hiyo, nakiri, inaeleza vizuri yale majina yanayopanda mwishoni mwa filamu.) "Nimesoma mara tatu," akasema. "Nikafikiri labda ni tafsiri mpya, nimeachwa nyuma."

Nikafungua faili mikono ikitetemeka. Tahakiki zilizokuwa zikiishia na "nyota mbili kati ya tano" sasa ziliishia na "mwigizaji mkuu mbili kati ya tano", kana kwamba watatu walikufa kabla ya mapumziko. Ben-Hur ya 1959, ile yenye tuzo 11 za Oscar, huanza na nyota ikitembea angani juu ya Bethlehemu. Kwangu aliyetembea angani ni mwigizaji mkuu, naye katika filamu ile ni Charlton Heston, mtu wa miraba minne. Niliwahurumia wachungaji waliokuwa chini.

Hata palipohusu watu kweli, niliharibu. Kuhusu filamu ya Injili ya Mathayo aliyoitengeneza mwongozaji Mwitaliano Pasolini mwaka 1964, akitumia watu wasio waigizaji na kumpa mama yake mzazi nafasi ya Maria aliyezeeka, nilikuwa nimeandika kwamba filamu haina nyota. Sasa ilisema haina mwigizaji mkuu. Yaani Injili bila Yesu.

Kurudisha yote kwa mkupuo haikuwezekana: "mwigizaji mkuu" wa halali walikuwemo tangu mwanzo, nao wangegeuka nyota. Kilichoniokoa ni sarufi. Kompyuta ilibadilisha nomino ikasahau viambishi, kwa hiyo kila kosa lilikuwa limeacha nyayo. Penye "mwigizaji mkuu yake", "ikitembea" au "zinazong'aa", huyo ni wa angani, mrudishe. Penye "huyu", "wake" au "alivyolia", huyo ni mtu, mwache. Zilizobaki niliamua kwa kusoma sentensi nzima, kazi ambayo ningeifanya usiku ule ingechukua saa mbili. Sasa ilichukua siku nne. Maneno matatu yakarudi ukurasa wao, kitabu kikarudi kurasa 192, na msanifu akapima mgongo mara ya tatu bila kusema kitu, jambo lililoniuma kuliko kama angesema.

Safari hii nilikuwa mwangalifu kupita kiasi. Nilitafuta "mwigizaji" nikiwa nimeweka alama kwenye "neno zima tu", ile niliyoiruka mwanzo. Kwa hiyo kompyuta haikunionyesha neno lolote lenye kitu mbele yake, na kitabu kikachapwa.

Kwenye maelezo ya mwanzo nilikuwa nimeandika kwamba majina yenye kinyota yamefafanuliwa chini ya ukurasa. Mpaka leo kitabu kinasema "majina yenye kimwigizaji mkuu". Msomaji mmoja aliniandikia kwa heshima zote: shikamoo mwandishi, kitabu nimekipenda, ila hicho kimwigizaji ni mtoto, au ni mtu mzima mfupi?

Nilimjibu amtafute chini ya ukurasa.