Hadithi za kutisha zinastahili kusomwa kwa sauti

Makala moja niliyoisoma inadai kwamba hadithi za kutisha za zamani ziliandikwa kwa ajili ya msomaji aliye peke yake, na kwamba kuzisoma mbele ya hadhira ili kuwaenzi waandishi wake ni kuzipunguzia makali. Sikubaliani hata kidogo. M. R. James, mwandishi Mwingereza ambaye mkusanyo wake wa kwanza wa hadithi za mizimu ulitoka mwaka 1904, alikuwa akiwasomea marafiki zake hadithi hizo wakati wa Krismasi katika King's College, Cambridge. Naye Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani, alighani shairi lake The Raven hadharani baada ya kuchapishwa mwaka 1845. Kinachoharibu ni pupa ya msomaji. Katika The Tell-Tale Heart, hadithi ya Poe ya mwaka 1843, muuaji anafungua kifuniko cha taa yake kidogo kidogo, kwa hadhari kubwa, mpaka mwali mmoja mwembamba unaliangukia jicho la mzee; sentensi hizo zikisomwa polepole, kila kituo kikipewa haki yake, hata kikohozi hakisikiki ukumbini, jambo ambalo nimelishuhudia mwenyewe, ilhali zikikimbizwa hubaki maneno matupu. Nyinyi mliowahi kuhudhuria usomaji wa namna hii, je, mnapendelea msomaji mmoja mpaka mwisho, au wasomaji wapokezane?