Kichujio Kilichomeza Tanga

Ofisi yetu ya uwakala wa forodha iko jirani na bandari ya Tanga, na mfumo tunaoutumia una mdomo kuliko kasuku. Kontena likisogea, barua pepe. Likisimama, barua pepe. Zote mada yake inaanza na TANGAZO. Ikifika saa nne, muuza mihogo anapopita, nina tisini na hakuna hata moja ya binadamu.

Kijana wetu wa kompyuta akanionea huruma. "Mjomba, weka kichujio, kizitenge barua hizo chenyewe. Kila barua ina heda, yale maelezo ya juu: imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani, mada nini. Ila usichuje kwa mada, tumia List-Id, ule mstari wa heda unaotaja orodha iliyotuma barua." Akaendelea, sijui heda hiyo iliwekewa utaratibu mwaka 2001. Mimi pua iko dirishani, kwenye mihogo.

Nikaandika mwenyewe: mada ikiwa na "tanga... ", muuza mihogo akapiga hodi, nikabonyeza Hifadhi, nikatoka.

Siku nne za raha! Kikasha kimetakata kama uwanja siku ya Idi, zimebaki barua za watu wanaotaka kunikopesha pesa tu.

Siku ya tano bosi akapiga simu kutoka Dar. "Bwana, tumekosana?"

Nikafungua kapu la taka. Yarabi! Kumbe kichujio hakijui neno, kinajua herufi. Wenzetu wa Dar hutia "Tanga" kwenye kila mada ili mzigo wetu usichanganywe na wa Mtwara. Zote zimo humo. Yumo na mteja wa tangawizi, kaandika mara tatu, ya tatu kwa herufi kubwa. Na chini kabisa: "Mchango wa matanga". Bosi kafiwa na mkwewe, ofisi nzima wametoa, mbele ya jina langu kuna kistari.

Jasho likanitoka. Nikaandika mbio, mada "Pole na samahani kutoka Tanga", nikajiwekea nakala nione kama imefika. Haikufika. Nikaikuta kapuni, imelala juu ya matanga.

Ndipo nikamwita kijana. Akafungua tangazo moja, akaonyesha maandishi yake ya ndani: mstari wa List-Id huo hapo, mfumo wenyewe umejitambulisha, na barua za Dar hazina.

"Si nilikwambia, mjomba?" Mdomoni anatafuna mhogo wangu.