Pikipiki: unafuu wake na deni lake

Mdogo wangu amejichanga na sasa anataka kununua pikipiki. Nyumbani maoni yamegawanyika. Mjomba anamsukuma anunue hata kesho, aachane na foleni na nauli. Mama hataki kusikia. Kwake pikipiki ni wodi ya mifupa. Kila mmoja amenitaka nimuunge mkono, kwa kuwa mimi ndiye ninayeendesha, mwaka wa kumi na mbili sasa. Nimeshindwa kumuunga mkono yeyote kikamilifu, kwa sababu wote wawili wanasema kweli. Raha na karaha za pikipiki zinatoka mahali pamoja. Chombo hiki kimeondolewa bodi, mkanda na magurudumu mawili. Kwa kuondolewa hayo kikawa chepesi na nafuu, na hayo hayo ndiyo yangemlinda mtu.

Unafuu wake si hadithi. Pikipiki yenye injini ya sisi (cc) 125 iliyotunzwa vizuri hutembea kilomita 40 hadi 50 kwa lita moja ya petroli. Inaegeshwa penye upana wa mlango. Ninachokithamini zaidi ni muda: nikisema nitafika saa mbili, nafika saa mbili, hata siku ambayo magari yamesimama. Honda Super Cub ilianza kutengenezwa mwaka 1958, na kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100. Idadi hiyo haiji kwa ushabiki. Inaletwa na watu wanaohitaji kufika kazini, kupeleka mzigo, kumwahisha mgonjwa.

Ila unafuu huo una deni, na deni lenyewe hulipwa kidogo kidogo kila wiki. Chukua cheni. Inakaa nje, inakula vumbi na matope, na kila kilomita 500 hadi 1,000 inataka kusafishwa na kupakwa mafuta. Ukiisukuma kwa kidole katikati ya sproketi mbili, yaani yale magurudumu yenye meno yanayoishika, kwa pikipiki nyingi inatakiwa icheze sentimita mbili au tatu. Mwaka wangu wa pili niliipuuza. Ilianza kugonga kila nilipoachia mafuta, tak, tak, nami nikaizoea sauti ile. Siku moja, nikiwa gia ya tatu, ikaruka kwenye sproketi na gurudumu la nyuma likajifunga. Nilichora mstari mweusi barabarani, pikipiki ikayumba mara mbili, ikasimama. Nyuma yangu hapakuwa na gari, ndiyo maana naandika haya. Fundi alipoinyanyua ile cheni alisema, "Ndugu yangu, hii imekulilia mwezi mzima." Alikuwa sahihi. Nilikuwa naisikia.

Oili nayo ni hivyo hivyo. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Ukiweka oili ya gari yenye kemikali za kupunguza msuguano, klachi inaweza kuanza kuteleza: injini inanguruma na wewe huendi. Ndiyo maana kwenye kopo la oili ya pikipiki hutafutwa alama ya JASO MA, kiwango cha oili inayofaa klachi za namna hiyo. Anayeona mambo haya ni usumbufu simlaumu. Mimi binafsi nayahesabu upande wa faida. Plagi, kabureta, waya wa klachi, vyote viko mbele ya macho, na spana chache zinatosha kukufundisha chombo chako. Kwenye gari ningekuwa abiria wa fundi.

Mizani inakuwa ngumu zaidi tukifika kwenye mwili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki, yaani wale wasio na bodi ya kuwakinga. Mama hakosei. Kinachobishaniwa kila siku ni nani wa kulaumiwa. Wenye pikipiki wanawanyooshea kidole wenye magari, na wenye magari wanarudisha.

Utafiti ulioongozwa na Harry Hurt huko Los Angeles, uliotolewa mwaka 1981 baada ya kuchunguza ajali 900 pale pale zilipotokea, uliwapa wote sehemu yao. Katika ajali zilizohusisha chombo kingine, takriban theluthi mbili zilisababishwa na dereva wa chombo hicho kumkatia njia mwenye pikipiki. Mara nyingi hakuwa amemwona. Hapo waendesha pikipiki hushangilia. Lakini utafiti huo huo ulikuta asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali hawakuwa na mafunzo rasmi. Walijifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Mimi ni mmoja wa hao waliofundishwa na rafiki.

Naijua hiyo "sikukuona". Mwenye gari alikuwa anataka kukata kona mbele yangu. Aligeuza uso kwangu, nikaamini ameniona, akaingia. Nilikanyaga breki ya nyuma peke yake, kwa sababu rafiki yule alinifundisha kuwa ya mbele inapindua. Tairi la nyuma likaburuza, pikipiki ikawa haisimami. Nilimpita kwa upana wa kiganja. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ukifunga breki uzito mwingi unahamia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo lenye nguvu kubwa ya kukusimamisha. Ya mbele inapindua au kuteleza ukiikaba ghafla. Ukiibana taratibu huku ukiongeza, inakuokoa. Na mwendo ukiwa maradufu, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara nne. Yule dereva alikosea, sina shaka. Lakini ujinga wangu wa breki ulikuwa wangu.

Kuhusu kofia ngumu sitakuwa katikati. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi Mwingereza aliyejulikana kama Lawrence wa Arabia, alipata ajali ya pikipiki nchini Uingereza na kufariki siku sita baadaye. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Kifo kile kilimgusa, na mwaka 1941 akachapisha uchunguzi kuhusu majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki wa jeshi na namna kofia inavyowaokoa. Tafiti zilizokusanywa pamoja miaka mingi baadaye zilionyesha kofia inapunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Wanaolalamika kuwa ina joto wanasema kweli. Nami hutokwa jasho mpaka kwenye nyusi. Joto hilo linavumilika. Nisichokielewa ni mtu kuining'iniza mkononi, au kuivaa bila kufunga kamba.

Mvua na baridi sitazisemea sana, kila mtu anazijua. Niongeze tu kwamba dakika za kwanza za mvua ndizo mbaya, maana maji yanachanganyika na mafuta na vumbi kabla hayajaosha barabara, na mistari iliyopakwa rangi inateleza kama sabuni.

Basi kwa nini siachi? Kuna kona moja ninayoipita kila asubuhi. Nikiikaribia nasukuma kidogo mkono wa kushoto wa usukani mbele, na pikipiki inalala kushoto yenyewe. Asiyewahi kuendesha hawezi kuamini kwamba unasukuma kushoto ili uende kushoto, lakini ndivyo ilivyo. Wakati ule siwazi deni wala kazi. Nawaza kona tu. Nikifika nimechoka mgongo, masikio yanavuma, na kichwa ni chepesi. Faida hiyo sijawahi kuweza kumweleza mama.

Mdogo wangu alikuja juzi na hesabu zake. Zinatosha pikipiki kubwa na tangi la kwanza la mafuta, basi. Kofia angetafuta baadaye. Nilimwambia, mdogo wangu, hesabu hiyo haijatosha. Shuka ukubwa wa injini, fedha itakayobaki inunue kofia inayokubana vizuri, glavu, koti gumu, na ulipie mafunzo. Alikasirika, akasema naongea kama mama. Jana usiku ameniandikia ujumbe kuuliza kama Jumamosi niko nyumbani. Nimemjibu aje na viatu vilivyofunika vifundo. Tutatafuta uwanja mtupu, nami nitaanza na breki ya mbele.